Shangazi, ndoo yangu ya silva imezua kesi nyumbani

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Makorora hapa Tanga. Asubuhi nakaanga vitumbua na maandazi, nauza barazani kwangu. Wateja wangu wengi ni wanafunzi na vijana wa bodaboda. Kitumbua nauza mia na hamsini, andazi mia. Kwa bei hizo unajua mwenyewe, hela inayoingia ni silva tupu, yaani sarafu. Nikiona noti, ujue ni ya mtu anayetaka kuchenjiwa.

Tangu mwanangu wa mwisho aanze chekechea, silva zinazobaki jioni nazitia kwenye ndoo ya rangi, ile ya lita ishirini, iko chini ya kitanda. Mwanzo ilikuwa kibubu changu cha siri. Sasa siri hamna tena, maana ndoo yenyewe hainyanyuki. Mwezi uliopita nilimwaga kama nusu yake mkekani, nikahesabu nikafika 186,000, mgongo ukagoma, nikazirudisha. Nyingi ni za hamsini na za mia. Za mia mbili zipo, za mia tano ni chache kwa sababu hizo huwa nazitumia. Na chini kabisa kuna za ishirini na za kumi, hata sikumbuki nani alinipa.

Shida ni kuzitumia. Ninakonunua unga pale sokoni nikitoa silva za hamsini naambiwa, "Mama, hizi kanunulie pipi." Wakala wa pesa wa mtaani kwetu hataki hata kuziona. Mume wangu ni fundi baiskeli Ngamiani, na yeye anasema nipandishe kitumbua kiwe mia mbili niachane na hamsini moja kwa moja, halafu ndoo tuwauzie wale wa skrepa wanaopita na mkokoteni. Anasema nimelala juu ya vyuma huku yeye ana deni la vipuri linamnyima usingizi.

Juu ya hilo likaja jingine. Mpwa wake, mtoto wa dada yake aliyeko Dar, alikuja kututembelea. Akatuonyesha kwenye simu kwamba Marekani wameacha kutengeneza senti yao. Akasema na hapa kwetu Benki Kuu ilishakusanya noti za zamani mwaka 2025, kwa hiyo zamu ya silva inakuja, nisipowahi nitabaki na ndoo ya takataka. Katika mazungumzo mama mkwe, ambaye tunaishi naye, akatoa kopo la marehemu baba mkwe atuonyeshe hela za zamani. Kuna zenye tundu katikati, nyingine zina pembe za ndovu na nyingine zina taji. Kuna ya shaba yenye ndege na maandishi ya Kiarabu nyuma, kuna moja ina mizani, kuna za simba, na zile senti za Mwalimu za samaki na za sungura. Mpwa akazipiga picha akatuma kwa watu wake. Jibu likaja kwamba kuna tajiri Dar ananunua hela ya Mjerumani kwa mamilioni, ila kwanza itangulizwe laki na nusu ya kipimo.

Mume wangu amekubali, na anataka hiyo laki na nusu itoke kwenye ndoo yangu. Mama mkwe amelifungia kopo kabatini na ananuna na mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemwita huyo mpwa.

Shangazi, hizi silva bado zina maana au najichosha bure? Na hilo kopo nifanyeje, mimi ni mke tu katika nyumba hiyo?

Mkaanga vitumbua, Makorora

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Mumeo amenichekesha kabla hajanikera. Ndoo ikiwa yako wewe, ni vyuma vya kumuuzia mwenye mkokoteni. Ikitakiwa kumlipa tajiri wa Dar, ghafla imekuwa laki na nusu. Basi swali lako la kwanza amelijibu yeye bila kujijua: silva zako ni pesa. Ubaya wake ni kwamba zimekaa mahali ambapo haziwezi kufanya kazi ya pesa.

Hilo la skrepa tulimalize haraka. Silva ya mia, ile yenye sura ya Mwalimu upande mmoja na swala upande wa pili, ni chuma kilichovikwa madini ya rangi ya shaba. Ipelekee sumaku uone inavyonata. Uzito wake ni kama gramu tisa, kwa hiyo kilo moja inaingia sarafu mia moja na kitu, yaani shilingi 11,000 hivi. Sasa muulize mwenye mkokoteni kilo ya chuma anachukua kwa ngapi. Hata awe na roho nzuri namna gani, hafiki robo ya hapo. Tena kuyeyusha au kuharibu fedha halali ya nchi ni kosa la jinai, kwa hiyo mwenye mkokoteni akiwa na akili zake timamu hatazigusa.

Kwa nini basi zinakataliwa? Muuza unga hakuzikataa kwa kuwa hazina thamani, ingawa lile neno la pipi lilikuwa la dharau na ningekuwa mimi ningemjibu palepale. Amezikataa kwa sababu yeye unga anaununua kwa mifuko, na anayemshushia mifuko hana muda wa kuhesabu hamsini hamsini. Wakala naye anaweka hela ili watu waje kutoa, na mtu aliyekuja kutoa elfu hamsini hatakubali kuondoka na mzigo wa chuma. Biashara za hao wawili zinakwenda na noti. Umekuwa ukibisha mlango usio wako.

Silva ina watu wake, nao ni wale wanaouza vitu vya chini ya elfu moja. Konda ni wao, kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni mia mbili na kila mtoto anampa jero, yaani mia tano. Mwenye genge la nyanya na vitunguu, muuza ubuyu na kashata karibu na geti la shule, mama wa mihogo ya kukaanga, kijana wa maji ya kunywa, duka la rejareja pale kona, wote hao asubuhi wanahangaika na kitu kimoja, chenji. Simama nje ya duka lolote la mtaani kwako saa moja asubuhi usikilize. "Sina chenji, chukua jojo." "Sina chenji, pitia baadaye." Huko Dar, kwenye vituo vikubwa, wapo hadi watu ambao kazi yao ni kuwauzia makonda chenji: konda anatoa noti, anapewa silva zilizopungua kidogo, na kilichopungua ndiyo riziki ya muuzaji. Kwa hiyo iko sokoni saa ambayo silva ya elfu kumi inauzwa zaidi ya noti ya elfu kumi. Na wewe unayo ndoo nzima uvunguni, mtaa mzima unatafuna jojo.

(Hilo la jojo, kwa kuwa nimelitaja, mimi siliungi mkono hata kidogo. Mwenye duka anayenipa jojo badala ya hamsini yangu, siku nikimrudishia jojo zake kumi kulipia sabuni ataniita mwendawazimu.)

Kuna na hasara ambayo huioni kwa macho. Miaka hii ya karibuni bei zimekuwa zikipanda kwa asilimia 3 hivi kwa mwaka. Tuseme ndoo yote ina mara mbili ya ulichohesabu, yaani kama 370,000. Kila mwaka inaokaa humo, zaidi ya shilingi 10,000 za uwezo wake wa kununua zinayeyuka, na ndoo inabaki na uzito uleule. Kibubu ni kizuri kwa kitu cha miezi michache, ada ya shule au nguo za sikukuu. Kwa miaka, hapana.

Kwa hiyo zitoe, lakini kwa mpango. Zichambue kwanza, za hamsini peke yake, za mia peke yake. Wape watoto hiyo kazi Jumapili mchana, wataipenda. Sarafu mia moja za hamsini ni 5,000, mia moja za mia ni 10,000. Ziweke kwenye bahasha ngumu za khaki, andika kiasi juu, funga. Halafu anza na watu watatu au wanne unaowafahamu, mwenye duka, mwenye genge, konda anayelala mtaani kwenu, waambie kila wiki unaweza kuwabadilishia silva kwa noti. Shilingi kwa shilingi. Usikubali mtu akukate hata mia, maana hapo wewe ndiye mwenye kitu cha kutafutwa. Ukifanya hivyo mwezi mmoja watakuwa wanakufuata barazani wenyewe.

Zitakazobaki peleka benki uweke kwenye akaunti yako. Usiende mwisho wa mwezi wakati foleni ya mishahara iko hadi nje. Pita siku moja kabla uwaambie unaleta silva kiasi fulani, zimeshachambuliwa na kufungwa. Wa dirishani anaweza kuguna. Mwache agune, huku anahesabu. Muuza unga naye usimwache hivihivi: wewe ni mteja wake wa kudumu, mlipe sehemu kubwa kwa noti na umalizie kwa silva. Kwa kiasi kidogo hivyo hatakuwa na la kusema.

Bakisha kopo moja tu la chenji la kufungulia biashara asubuhi. Za ishirini, zile zenye tembo na mwanawe, na za kumi, mtaani zimeshakufa. Usigombane na konda kwa ajili yake. Ziulizie benki siku hiyohiyo unayopeleka nyingine, na wakizikataa wape watoto wajifunzie kuhesabu.

Na ujue kilichoziua. Shilingi yetu ilipoanza tarehe 14 Juni 1966, dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi saba na senti kumi na nne. Leo dola inazunguka kwenye 2,500. Wakati ule senti tano ya samaki ilikuwa na kazi dukani, na senti hamsini ya sungura ilikuwa na heshima kabisa. Kadiri bei zilivyopanda, vitu vya kununua kwa senti viliisha, na senti nazo zikaondoka mikononi bila mtu kuzifukuza. Kisha shilingi yenyewe, kisha tano, kumi, ishirini. Sarafu hufa siku ambayo hakuna tena kitu ambacho bei yake inaihitaji. Kwa hiyo na hamsini, ile ya faru na mtoto wake iliyoingia mwaka 1996, siku yake itafika, sikufichi. Ila haijafika, na sababu mojawapo ni kitumbua chako cha mia na hamsini.

Nije kwenye hiyo bei. Kutoka mia na hamsini hadi mia mbili ni kupandisha theluthi nzima kwa mkupuo. Mwanafunzi mwenye mia tatu leo anaondoka na viwili. Kesho ataondoka na kimoja, na mia iliyobaki ama atakuachia kwa andazi ama ataipeleka kwa jirani yako anayekaanga vya mia. Mchele, nazi na mafuta vikipanda, pandisha, hakuna wa kukulaumu, kila mtu anakwenda sokoni. Lakini kupandisha kwa sababu mumeo amechoka kuona hamsini, hapo mtoto wa shule ndiye anayelipia uvivu wa watu wazima kuhesabu. Uza kwa jozi. Viwili mia tatu, vinne mia sita, hamsini haitokezi kabisa. Atakayetaka kimoja ndiye utakayemrudishia hamsini, na sasa utakuwa nazo.

Wala usidhani bei lazima ifanane na sarafu iliyopo. Kila mwezi EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti nishati na maji, inatangaza bei ya mafuta, na Tanga tuna bei yetu kwa kuwa meli zinashusha hapahapa bandarini. Lita inaishia na shilingi tatu, au saba, au tisa, ambazo hakuna sarafu ya kuzilipa. Mtu anafika pampu anasema "weka ya elfu kumi", na safari inaendelea. Hizo shilingi mojamoja siku hizi zimehamia kwenye simu na kwenye mahesabu ya karatasi. Mkononi zimebaki hamsini, mia, mia mbili na mia tano, na hizo bado zinatosha kazi.

Sasa mpwa wa mumeo. Habari aliyosoma ni ya kweli, ila ameisoma kichwa chini. Ni kweli Marekani, Novemba 2025, kiwanda chao cha sarafu cha Philadelphia kiligonga senti moja za mwisho za kuingia kwenye mzunguko. Sababu ilikuwa hesabu tu: kutengeneza senti moja kulikuwa kunawagharimu zaidi ya senti tatu na nusu. Lakini zile zilizokwisha kutoka zinabaki kuwa fedha halali kule, mtu ananunulia kitu kama kawaida. Kanada waliacha senti yao mwaka 2012, madukani anayelipa taslimu anasogezewa hesabu hadi kwenye senti tano iliyo karibu, na mtu mwenye mtungi wa senti nyumbani bado aliweza kuupeleka benki. Kuacha kutengeneza ni jambo moja, kufuta ni jambo lingine. Na kote huko walianza na senti, ambayo sisi tulishaizika zamani.

Ya hapa nyumbani ndiyo iliyompita kabisa. Benki Kuu ilitoa muda kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025 watu wabadilishe noti za zamani, zile zilizotolewa kati ya 1985 na 2003, pamoja na noti ya mia tano ya mwaka 2010. Noti, mwanangu. Silva hazikuguswa. Na hiyo noti ya mia tano iliondolewa kwa sababu tangu 2014 kuna silva yake, ile ya Karume na nyati. Ilitengenezwa kwa kuwa noti ya jero ilikuwa inapita mikono mingi mno, inachakaa na kuchanika upesi, chuma kinavumilia. Yaani karatasi ndiyo iliyostaafu, silva ikabaki kazini. Mpwa amekutishia ndoo yako kwa habari inayoitetea. Ila ajifunze jambo moja kutokana na hilo, na wewe pia: Benki Kuu ikitangaza tarehe, tarehe ni tarehe. Aliyekuwa na noti za zamani godoroni hadi Aprili ile ikapita, amebaki na karatasi. Hiyo ni sababu nyingine ya kutolala na hela uvunguni.

Haya, kopo la mama mkwe. Nimeisoma orodha yako mara mbili, na nimefurahi kuwa kuna nyumba Makorora bado ina vitu hivyo. Zenye tundu na pembe za ndovu pembeni ni senti za Waingereza, za Afrika Mashariki, zilizotumika Kenya, Uganda na Tanganyika kuanzia miaka ya 1920. Ziligongwa kwa mamilioni. Zenye tundu na taji bila pembe za ndovu ni hela (heller) za Mjerumani, za tano au za kumi. Yenye ndege ni pesa (hilo lilikuwa jina la sarafu yenyewe) ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyogongwa kati ya 1890 na 1892. Pesa 64 zilifanya rupia moja, mpaka mwaka 1904 walipobadili hesabu, rupia ikawa hela 100. Maandishi ya Kiarabu waliyaweka kwa kuwa ndiyo watu wa pwani waliyokuwa wakiyasoma. Shilingi za simba ni za Mwingereza, na zikiwa za kabla ya 1948 zina robo ya madini ya fedha ndani yake.

Yenye mizani ndiyo ningeitamani mimi. Kama ina tarehe ya 1299 Hijria, hiyo ni pesa ya Sayyid Barghash wa Unguja, ya mwaka 1882, kabla Mjerumani hajaanza kututawala, wakati Tanga na mrima wote, yaani pwani ya bara, ulikuwa chini ya Sultani. Kuna mtu aliwahi kuitoa kununulia kitu katika mji huuhuu.

Kwa utajiri, hata hivyo, usijidanganye. Karibu zote hizo wakusanyaji wa sarafu duniani wananunuliana kwa dola chache, kwa sababu zilitengenezwa nyingi na zimebaki nyingi. Ile ambayo kweli ina bei kubwa ni rupia 15 ya dhahabu yenye tembo, iliyogongwa Tabora mwaka 1916 kwenye karakana ya reli, Wajerumani walipokuwa wamezibwa njia za baharini wakati wa vita. Zilitoka 16,000 hivi tu. Katika orodha yako haimo, na ingekuwemo mama mkwe asingeiweka kwenye kopo.

Sasa pima mwenyewe. Mtu anataka kununua kitu chako, na wewe ndiye unayetanguliza laki na nusu? Tangu lini pale soko la Mgandini muuza samaki akamlipa mnunuzi apime samaki? Utapeli wa rupia ni wa siku nyingi, na kila mji wa pwani una hadithi yake ya sanduku la Mjerumani lililofukiwa chini ya mwembe. Leo ni kipimo, kesho ni kibali, keshokutwa ni nauli ya mzungu anayekuja kuhakikisha. Hata shilingi moja isitoke kwenye ndoo kwa kazi hiyo. Mpwa simwiti tapeli. Nadhani na yeye amenaswa, na aibu ya kukubali ndiyo inayomsukuma.

Umeuliza wewe ni nani katika hilo kopo. Jibu ni jepesi, na linakusaidia: mali ya marehemu ina warithi, nao ni mjane wake na watoto wake. Mumeo yumo, na dada yake, mama wa huyo mpwa, yumo. Wewe humo, na mpwa humo, mama yake akiwa hai. Kwa hiyo hata mumeo peke yake hana ruhusa ya kulitoa nje bila kukaa na mama na dada yake. Mwambie hivyo kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mirathi ya baba yake. Halafu nenda kwa mama mkwe kabla ya mumeo, mpelekee chai na vitumbua, mwambie hela yako haitoi kipimo na kopo lake huligusi. Kununa kwake ni hofu kwamba mmeungana dhidi yake. Akishatulia, mwombe akusimulie kila sarafu ilimfikiaje mzee, na umrekodi kwenye simu. Mkitaka mtu mwenye ujuzi azitazame, zipo nyumba za makumbusho, hata hapa Tanga kuna Urithi kwenye boma la zamani. Mkazionyeshe na mrudi nazo.

Na zisioshwe! Najua kuna mtu humo ndani anafikiria limau na majivu ili zing'ae. Mkusanyaji akiona imesuguliwa anaiweka chini palepale. Zifutwe vumbi kwa kitambaa kikavu basi. Ikitokea siku moja watoto wameokota vijisarafu vidogo vya shaba huko upande wa Tongoni kwenye magofu, hivyo ni habari nyingine: vya kale vya kabla ya 1863 vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, havichimbwi wala haviuzwi kiholela.

Deni la vipuri la mumeo sijalisahau. Ukishapata noti zako, ukipenda mkopeshe, kwa maandishi, na kiasi kisizidi unachoweza kukosa bila biashara kulala. Ukipenda usimkopeshe. Ndoo ilijazwa na vitumbua vyako.

Tajiri wa Dar mkaribisheni Tanga. Aje mchana, akae barazani, mama mkwe aweke kopo mbele yake na mkono wake juu ya kifuniko, na hela ya kipimo aitoe yeye tajiri.